MWANA WA FULANI, NA WEWE JINA LAKO NANI?

Hotuba ya Ijumaa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na akamjua kila mmoja wetu kabla mama yake hajamjua. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, watu wa nyumba yake, maswahaba wake, na wote wanaofuata njia yao mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Wandugu Waislamu, wazee wetu, mama zetu mlio nyuma ya pazia, na ninyi vijana mnaopenda kukaa karibu na mlango: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa wazi.

Leo nilikuwa nimetayarisha kusema juu ya zaka. Nimeiweka kando, kwa sababu ya jambo lililonipata Jumatatu baada ya Alasiri.

Kijana mmoja wa msikiti huu alikuja kwangu pamoja na mjomba wake. Anataka kuoa, alhamdulillahi. Nikafungua daftari la nikaha, nikashika kalamu, nikaanza kuandika. Mnajua niliandika nini? Niliandika «mwana wa», kisha nikaandika jina la baba yake. Tena si jina la baba yake alilopewa siku ya akika, hapana, ni lile jina la uwanjani, jina ambalo mji mzima ulikuwa unaliimba alipokuwa akicheza mpira. Halafu kalamu yangu ikasimama. Pale mbele, mahali pa jina la bwana-arusi, sikuwa na neno la kuandika.

Kijana yule anaswali katika safu ya pili kwa miaka minne. Kabati ya misahafu mnayoiona hapo kushoto, yenye milango inayofunga sawasawa, ni kazi ya mikono yake, na hakutaka hata franga moja. Sisi tulipoiingiza ndani tuliambiana nini? «Hii ni kabati ya mtoto wa Fulani.» Na mimi imamu wenu nilikuwa nikimpa mkono kila Ijumaa nikimwambia, «Mtoto wa Fulani, habari za leo?» Nilidhani ninamheshimu.

Aliniangalia, akasema kwa upole: «Shehe, baba nilimpenda. Lakini mimi pia nina jina.»

Wandugu, niliona haya. Na ninataka leo tuone haya pamoja.

Sikilizeni niwaambie habari ambayo wazee wanaijua. Tarehe 30 Oktoba 1974, hapa katika nchi yetu iliyoitwa Zaire wakati ule, Muhammad Ali alipigana ngumi na George Foreman kule Kinshasa, katika Uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Ilikuwa saa kumi za usiku Kinshasa, ili Wamarekani waangalie kwa saa zao za jioni. Kwetu huku mashariki ilikuwa saa kumi na moja, karibu na Alfajiri. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, lakini marehemu baba yangu alinieleza mara nyingi namna wanaume walivyokusanyika kando ya msikiti kuzunguka redio moja yenye betri za kufungwa na mpira, na namna mwalimu wao alivyowagombeza, kisha yeye mwenyewe akasogeza sikio. Foreman alikuwa na miaka 25, hajapigwa na mtu. Ali alikuwa na miaka 32, watu wakisema amekwisha. Akaegemea kamba, akaacha yule mwingine apige mpaka mikono ichoke, na katika raundi ya nane akamwangusha. Baba yangu alikuwa akifika hapo anasimama kwenye kiti.

Sitaki kuwadanganya: mchezo wenyewe wa kupigana ngumi una maneno. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kupiga uso, na wanavyuoni wameshika hadithi hiyo. Michezo kwa jumla si haramu. Yeye Mtume alishindana mbio na mama yetu Aisha, mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akashinda. Lakini leo sikusimama kuhukumu ngumi. Watu wote wanasimulia usiku ule wa Kinshasa, na mimi ninataka tuangalie watoto wa wale wanaume wawili.

Ali alikuwa na watoto tisa, wasichana saba na wavulana wawili. Kwanza yeye mwenyewe alikuwa amebeba jina la baba yake. Aliitwa Cassius Marcellus Clay kama baba yake, aliyekuwa mchoraji wa vibao vya maduka kule Louisville, na jina lile lilitoka kwa Mzungu mmoja wa Kentucky wa karne ya 19 aliyepinga utumwa. Mwaka 1964 akaliacha, akaitwa Muhammad Ali. Alisema lile ni jina la utumwa. Tunaelewa uchungu wake. Lakini kwa haki ya elimu niseme hivi: sheria yetu haimlazimishi mtu anayesilimu kuacha jina la baba yake. Mtume alibadilisha majina yenye maana mbaya, lakini Umar alibaki mwana wa Khattab, na Khattab hakusilimu. Wazee mnakumbuka pia mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipotuamuru kuacha majina ya kigeni. Watu waliandikwa upya kwenye komine, wakarudi nyumbani na tabia zilezile walizoondoka nazo.

Basi Ali alijitafutia jina. Na jina lile likawa kubwa hata likawafunika watoto wake.

Mwanawe mmoja aliitwa Muhammad Ali kama yeye. Mwezi wa pili wa mwaka 2017, miezi minane tangu baba yake afariki, alikuwa akirudi kutoka Jamaica pamoja na mama yake, wakafika uwanja wa ndege wa Fort Lauderdale, Marekani. Walieleza kwamba walisimamishwa, na yeye akaulizwa jina lake amelipata wapi na kama ni Mwislamu. Wakuu wa mpaka walikana kwamba sababu ilikuwa dini au jina. Lakini sikilizeni neno moja katika maelezo yao. Mama aliachiwa alipoonyesha picha aliyopigwa pamoja na bingwa. Mtoto hakuwa na picha, akabaki anaulizwa.

Nimelifikiri jambo hili sana. Mtu ana damu ya baba yake mwilini, ana jina lake lote katika pasipoti, na bado anatakiwa aonyeshe picha! Na kesho mbele ya Mwenyezi Mungu, picha ya nani itatusaidia?

Binti yake, Laila, alizaliwa mwaka 1977, miaka mitatu baada ya Kinshasa. Alikuwa na duka lake la kupamba kucha kabla hajaingia ngumi, na alipoanza mwaka 1999, baba yake hakufurahia jambo lile mwanzoni. Watu walisema anauza jina tu. Alipigana mara 24, hakushindwa hata moja, akaacha mwaka 2007. Mwaka 2001 walimpanga na Jacqui Frazier-Lyde, binti wa Joe Frazier, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa baba yake. Vibao na magazeti vyote vilizungumza juu ya baba zao, lakini raundi nane walizipigana wao mabinti, na maumivu yalikuwa yao. Hukumu ya mwanamke kupigana hadharani mnaijua, sitaki mtu atoke hapa akisema imamu ameruhusu. Ninasema tu kwamba jina lilimfungulia mlango, na baada ya mlango hakukuwa na baba wa kumzuilia ngumi usoni.

Sasa Foreman. Yule si wa dini yetu, baadaye alikuwa mhubiri wa kanisa kule Houston, akafariki mwezi wa tatu mwaka 2025. Yeye alikuwa na wavulana watano. Wote watano aliwaita George! George wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, na kila mmoja akapewa jina la utani ili nyumbani wajue nani anaitwa kula. Tena binti yake mmoja akamwita Georgetta. Watu wengi ulimwenguni wamecheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipojua kwamba Foreman, akiwa mtu mzima, aligundua kuwa mwanaume aliyempa jina na kumlea hakuwa baba aliyemzaa. Hapo nikaacha kucheka. Mtu aliyekosa kujua mzizi wake alitaka watoto wake wasipotee hata siku moja, akawafunga wote kwa kamba moja ya jina lake.

Na hapa tunaona hekima ya dini yetu. Katika Sura Al-Ahzab, aya ya 5, Mwenyezi Mungu alituamuru tuwaite watu kwa baba zao. Ndiyo maana Zayd, ambaye watu walimwita mwana wa Muhammad, akarudishiwa jina la baba yake Haritha. Fikirini: hakuna jina la baba duniani kubwa kuliko lile alilovuliwa! Akarudia kuwa Zayd bin Haritha. Na kati ya maswahaba wote, ni yeye peke yake aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qurani, katika sura hiyohiyo, aya ya 37. Jina la Mtume lilipoondoka begani mwake, Mola wake akamtaja kwa jina lake mwenyewe.

Basi haki ya nasabu ipo. Kijana asiseme, «Nitakuwa mimi mwenyewe,» kisha akamtukana baba yake au akakana ukoo wake. Hilo ni dhambi kubwa. Lakini kutaja nasabu ni kumjua mtu, si kumfuta. Tunasema «Zayd, mwana wa Haritha». Zayd anatangulia.

Sisi tumegeuza. Tunasema mwana wa fulani, na hapo tunanyamaza.

Tena tunafanya vibaya zaidi. Kijana huyu niliyewaambia, alipokuwa na miaka kumi na minne, viongozi wa timu walimvalisha namba ya baba yake na kumwingiza uwanjani. Hakuomba. Baba yake alikuwa mgonjwa tayari, na watu walitaka kuona damu ya bingwa ikikimbia. Mtoto akakosa bao mbele ya lango tupu. Uwanja mzima ukacheka, mtu mmoja akapaza sauti kwamba mama yake aulizwe vizuri baba wa mtoto huyu ni nani. Astaghfirullah! Neno lile ni kumsingizia mwanamke mwenye heshima zinaa, na mnajua adhabu yake katika Sura An-Nur. Mimi nilikuwa pale uwanjani siku ile. Sikusema neno lile. Lakini nilicheka. Na kati yenu mlio na miaka arobaini na zaidi, siko peke yangu.

Tangu siku ile hakugusa mpira. Akaenda kujifunza useremala kwa muzee mmoja, kazi ya vumbi na subira. Na bado mpaka leo watu wanaingia katika atelieri yake, hawaulizi bei ya kitanda, wanauliza, «Mbona wewe huchezi?» Wanakaa saa nzima kumhadithia mabao ya baba yake, mbao zinamngoja. Wengine wanataka awakopeshe, wakidhani mtoto wa mtu mashuhuri ana akiba mahali fulani.

Akiba gani? Tuwe wakweli juu ya utukufu wa uwanjani. Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika Kombe la Afrika la mwaka 1974 kule Misri, na nchi hii ikachukua kombe. Mabao tisa katika mashindano yale mamoja hakuna aliyeyafikia tangu hapo. Mwaka 1994 watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni wakidhani ana mali. Akawa mkimbizi Afrika Kusini, na mwaka 1998 kule Burkina Faso walisimama kimya dakika moja kumwombolezea wakati yeye yuko hai! Alifariki kweli mwaka 2019. Hivi ndivyo makofi ya watu yalivyo. Nani aliwauliza watoto wake kama wamekula?

Kijana, wewe uliye mwana wa mchezaji, au wa mwanamuziki, au wa chef, au wa shehe (watoto wa mashehe nanyi mnaumia, ninajua, mimi ni mmoja wao): Mwenyezi Mungu amekufundisha katika Sura An-Najm, aya ya 39, kwamba mtu hatapata ila lile alilolihangaikia. Aya hii wengine wanaisoma kwa hofu. Wewe isome kwa furaha. Maana yake mabao ya baba yako hayaandikwi kwako, na lango tupu ulilokosa haliandikwi kwake.

Nabii Nuhu alikuwa na mwana, na mwana yule hakupanda safina. Ibrahim alikuwa na baba mchonga masanamu, na akawa rafiki wa Mwenyezi Mungu. Ikrima alikuwa mwana wa Abu Jahl, adui wa Uislamu. Akaja akasilimu baada ya Makka kufunguliwa, na imepokelewa katika vitabu vya sira kwamba Mtume aliwazuia maswahaba wasimtukane baba yake mbele yake, wasije wakamuumiza aliye hai kwa ajili ya aliyekufa. Kisha Ikrima akafa shahidi katika vita vya Sham. Na Mtume wetu alimwambia Fatima, pande la moyo wake, kwamba aombe mali yake kama anataka, lakini mbele ya Mwenyezi Mungu yeye baba hataweza kumfaa kitu. Kama alimwambia hivyo Fatima, ni mwana wa mchezaji gani wa mpira ataingia peponi kwa tiketi ya baba?

Ninaomba msamaha wenu na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha wangu na wenu. Mwombeni, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Wandugu, neno moja kwa baba na mama. Baba anayetaka mtoto awe nakala yake, ajiulize kama anampenda mtoto au anapenda kujiona. Dikembe Mutombo, mtoto wa nchi hii aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu Marekani na kufariki mwaka 2024, alijenga hospitali Kinshasa, ikafunguliwa mwaka 2007. Hakuiita kwa jina lake. Aliipa jina la mama yake, Biamba Marie. Aliangalia nyuma kwa aliyemlea, na wagonjwa wakapata pa kulala. Huo ni mfano mzuri wa kubeba jina la mzazi, hata kama mwenye kuutoa si wa msikiti wetu.

Na neno kwa kijana wetu. Nilimuuliza Jumatatu ile: sasa baba yako unamfanyia nini? Akasema, «Shehe, ninamwombea dua kila baada ya Alfajiri. Na deni alilokuwa nalo kwa muuza sementi nililimaliza mwaka jana, kwa kazi ya meza na vitanda.» Wandugu, sisi wote tulioimba jina lile uwanjani, nani alijua kwamba alikufa na deni? Nani kati yetu alimwombea hata Jumatatu ile? Mtume alitufundisha kwamba mtu akifa amali yake inakatika isipokuwa mambo matatu, na moja ni mtoto mwema anayemwombea. Hakutaja mashabiki.

Kwa hiyo nimefuta lile neno katika daftari, na nimeandika upya. Nimeandika jina lake yeye kwanza, kisha bin, kisha jina la baba yake alilopewa na wazazi wake, ambalo nalo nilikuwa silijui. Jina la kijana sitaliandika katika karatasi hii. Nataka kila mmoja wenu, akitoka, amtafute, ampe mkono, amuulize mwenyewe. Na wale tuliokuwa uwanjani siku ile, tumwombe radhi. Mimi nimekwisha kumwomba. Alinijibu kwamba alinitambua siku ile katikati ya watu, na kwamba alinisamehe kabla hajaanza kuswali nyuma yangu.

Ee Mola wetu, wasamehe baba zetu na mama zetu, walio hai na waliotangulia. Wape watoto wetu majina mema mbele yako na kazi ya halali mikononi mwao. Tuepushe na ulimi unaoumiza na kicheko kinachovunja. Ipe nchi yetu amani, warudishe waliokimbia vijiji vyao. Amin.

MATANGAZO

Nikaha itafungwa Jumapili hapa msikitini baada ya Adhuhuri. Wote mmealikwa. Mchango wa chakula upelekwe kwa mama wa kamati, si kwa bwana-arusi.

Milango ya kabati ya misahafu isiachwe wazi, panya wanaingia.

Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu. Usiitupe wala usifungie karanga. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.